Ping Imejibu, Kilo Zimepotea



Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, hata wengine wameniandikia kuuliza kama blogu hii imekufa. Haijafa. Nilikuwa barabarani kati ya Kericho na Bomet, nikipita Litein, Kapkatet na Sotik mara nyingi kuliko matatu za huko, na leo nimerudi na hasira. Nimelala nayo siku mbili, haikuisha. Basi acheni niitoe hapa.

Leo sitaongea habari za simu mpya. Nataka tuongee kuhusu jambo ambalo hata sisi waandishi wa programu huliona dogo: kupanga draiva ya Ithaneti kwenye zile kompyuta ndogo zinazofungwa ndani ya mashine, zisizo na kioo wala kibodi. Draiva siyo dereva wa lori la majani, ingawa kazi zao zinakaribiana. Ni kipande cha programu kinachosimama kati ya mfumo endeshi na chipu ya mtandao, kikichukua mzigo huku na kuupeleka kule. Kikipangwa vibaya, mzigo unamwagika njiani na hakuna anayeona.

Dai langu nalitoa mapema, usije ukalitafuta hadi mwisho. Mtu anayefunga bodi ya mtandao kwenye mizani ya kiwanda cha chai, akaiacha draiva kama alivyoikuta kwenye mfano aliounakili, akajaribu ping, ping ikajibu, akachukua hundi yake akaenda zake, huyo hajamaliza kazi. Ameuza mashine ya kupoteza kilo. Na kiwanda kinachomlipa bila kumdai mpangilio huo kwa maandishi kina hatia pamoja naye.

Mama mwenye daftari

Niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha chai upande wa Bomet. Jina silitaji, na kampuni iliyofunga mashine pia siitaji, kwa sababu ugonjwa huu siyo wa kiwanda kimoja wala kampuni moja.

Kwa wasioijua nchi ya chai: mkulima anachuma majani mabichi, anayapeleka kwenye kituo cha kununulia, yanapimwa hapo na kuandikwa kwa namba yake. Lori linakusanya mifuko ya vituo mbalimbali na kuipeleka kiwandani, na kule inapimwa tena. Zinahitajika kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo kila kilo ya majani ina watu wanaoisubiri. Jumla ya vituo ikipishana sana na jumla ya kiwanda, mtu lazima aulizwe. Na anayeulizwa huwa ni mtu, siyo mashine.

Pale kiwandani aliyeulizwa alikuwa karani wa mapokezi, mama wa makamo, aliyefanya kazi hiyo tangu enzi za mizani ya kuning'inia. Jumla za jioni kwenye kompyuta ya ofisini zilikuwa zinapungua. Siyo kila siku, na siyo kwa kiasi kilekile. Meneja alikuwa amempa barua ya kutakiwa ajieleze. Fikiria hilo: miaka yote hiyo kazini, halafu barua, kwa sababu namba kwenye kioo haikufanana na namba aliyoisoma kwa macho yake.

Nilipofika alinisalimu, akanipa chai, kisha akatoa daftari kutoka kwenye mkoba.

"Kijana wangu," akaniambia, "mimi sijui mambo ya waya. Lakini kila mfuko uliopita hapa niliuandika mwenyewe, kwa sababu hiki kidude sikukiamini tangu siku ya kwanza."

"Mama, na walipokifunga, walikijaribu vipi?"

"Alikuja kijana kama wewe, akafungua kompyuta yake, akaandika kitu, mistari ikashuka. Akasema, imejibu. Akaondoka."

Imejibu! Hiyo ndiyo ping. Nilitaka kucheka, nikaona aibu.

Nilikaa na daftari lake jioni nzima nikilinganisha siku 9 na kumbukumbu za seva. Asubuhi kila kitu sawa. Mchana sawa. Mistari iliyokosekana karibu yote ilikuwa kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, wakati malori yanaingia kwa mfululizo. Mwizi gani huyu anayeiba kwa ratiba ya malori tu, tena anaiba mistari ya kompyuta na kuacha mifuko?

Kosa la kwanza: anwani moja, bodi mbili

Nikaingia kwenye mtandao wa kiwanda na laptop yangu. Kitu cha kwanza nilichokiona: DE:AD:BE:EF:FE:ED. Waandishi wa programu wanaosoma hapa wameshacheka. Kwa wengine, nitaeleza.

Kila kifaa cha Ithaneti kina anwani ya MAC, namba ya biti 48 ambayo swichi huitumia kujua kifaa kipo kwenye tundu lipi. Anwani za namna hiyo zaweza kuwa zaidi ya trilioni 281. Hiyo niliyoiona ni ya mzaha, inayosomeka kama maneno ya Kiingereza kuhusu nyama ya ng'ombe aliyekufa, na imekaa miaka mingi katika mifano ya kufundishia ya Arduino. Imewekwa pale ili uibadilishe. Watu hawaibadilishi.

Kiwanda kilikuwa na bodi mbili za kampuni ileile: moja kwenye mizani ya mapokezi, nyingine kwenye mizani ya kuni za boila. Zote mbili, anwani moja. Swichi ikisikia bodi ya mapokezi, inaandika kwamba anwani hii ipo tundu la 3. Sekunde inayofuata bodi ya kuni inaongea, swichi inafuta na kuandika tundu la 7. Jibu la seva lililokusudiwa mizani ya majani linaishia kwenye mizani ya kuni. Ni kama watu wawili wenye jina moja na sanduku moja la posta, kila mmoja akingoja barua aliyoichukua mwenzake.

Na dawa yake siyo ghali hata kidogo. Kuna chipu ndogo za kumbukumbu zinazouzwa zikiwa tayari na anwani yake ya kipekee ndani. Hata bila hizo, vichakata vingi vidogo vina namba ya kipekee iliyochongwa kiwandani. Kwa mfano vile vya jamii ya STM32 vina namba ya biti 96. Unaichukua hiyo, unaikatakata, unatengeneza anwani, unahakikisha biti ya pili kutoka mwisho ya baiti ya kwanza ni 1, kuonyesha kwamba anwani imetolewa na wenyewe wa mtandao na siyo mtengenezaji, na biti ya mwisho ni 0, kuonyesha kwamba ni ya kifaa kimoja. Mistari kumi ya programu. Chai ya kikombe kimoja haitapoa.

Nikachomoa kebo ya mizani ya kuni. Jioni ile upungufu ulishuka. Lakini haukuisha.

Kosa la pili: mmoja hasikilizi

Hapa ndipo hasira yenyewe ilipo, kwa hiyo nivumilie na ufundi kidogo.

Ithaneti ilizaliwa 1973 katika maabara ya Xerox kule California, na kiwango chake cha 802.3 kikapitishwa 1983. Zamani zile vifaa vyote vilishiriki waya mmoja, kwa hiyo adabu ilikuwa kusikiliza kwanza. Kama mwingine anaongea, ngoja. Mkigongana, wote mnanyamaza, mnangoja kidogo, mnarudia. Huo ndio utaratibu wa kupokezana, au nusu dupleksi. Baadaye zikaja swichi, kila kifaa na waya wake, na ikawezekana kuongea na kusikia kwa wakati mmoja, yaani dupleksi kamili. Vifaa vya kisasa vikiunganishwa huulizana kwanza: wewe unaweza nini, mimi naweza nini, tukubaliane.

Bodi ile ilikuwa na chipu ya ENC28J60. Ni chipu ya bei nafuu, ya kasi ya megabiti 10 tu, na mimi sina ugomvi nayo. Kwa kutuma kilo za mizani inatosha na kubaki. Lakini ina tabia moja ambayo mtengenezaji wake ameieleza waziwazi katika kitabu cha maelezo: haijui kuulizana. Ukiiunganisha na swichi ya kawaida, swichi inauliza, haijibiwi, na kwa mujibu wa kiwango inachukua tahadhari: inafanya nusu dupleksi. Ukitaka dupleksi kamili lazima uilazimishe pande zote mbili, kwenye chipu na kwenye swichi. Na ndani ya chipu kwenyewe kuna sehemu mbili za kuwekwa zifanane, biti ya FULDPX katika MACON3 na biti ya PDPXMD katika PHCON1.

Nikaunganisha laptop moja kwa moja na bodi. Programu ya ethtool ikaniambia: megabiti 10, nusu. Kisha nikachomeka waya wa siria kwenye bodi, nikaizima na kuiwasha, nisome inavyojitangaza. Ikataja FreeRTOS, kisha ikatangaza kwa fahari: dupleksi kamili.

Unaona? Mtu fulani aliona neno "kamili" akadhani kamili ni bora kuliko nusu. Akaweka 1 pale palipotakiwa 0. Swichi ikawa inasikiliza kabla ya kuongea, bodi ikawa inaongea wakati wowote inapotaka. Bodi ikianza kuongea katikati ya maneno ya swichi, swichi inaona mgongano, inakata maneno yake, na kile kilichotoka kwenye bodi kinatupwa kama takataka. Bodi yenyewe haijui. Kwa upande wake imetuma salama salimini.

Na ping? Ping ni mazungumzo ya kupokezana kwa asili yake. Swali moja dogo, jibu moja dogo, kimya. Swali tena, jibu tena. Hakuna anayemkatiza mwenzake, kwa hiyo hakuna kinachogongana. Unaweza kupiga ping mchana kutwa kwenye waya mbovu wa aina hii na usione dalili kubwa. Ngoja jioni malori yaje, bodi inatuma mfululizo huku seva nayo inaongea, ndipo balaa linaanza. Yaani kipimo kilichotumika kukabidhi kazi ndicho hasa kipimo kisichoweza kuliona kosa hili.

Sasa sikiliza la mwisho. Itifaki ya TCP ingeweza kuvumilia. Ingerudia na kurudia, polepole, lakini mwishowe mzigo ungefika. Ila aliyeandika programu ya juu alikuwa na haraka pia. Bodi ikijaribu kutuma mara tatu ikashindwa, ilikuwa inafuta foleni ili kumbukumbu isijae. Inafuta. Bila taa, bila mlio, bila mstari mmoja popote unaosema kwamba hapa palikuwa na mfuko wa majani.

Mizani ina muhuri, waya hauna

Kenya tuna Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Mizani ya biashara haitumiki mpaka ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mkulima akienda kituoni anaweza kuutafuta ule muhuri kwa macho. Ni jambo zuri na watu walipigania haki hiyo.

Lakini namba ikishatoka kwenye mizani, nani anaipigia muhuri njiani? Inapita kwenye draiva, kwenye chipu, kwenye kebo iliyopitishwa kando ya mota za mashine za kusagia majani, kwenye swichi iliyojaa vumbi la chai, hadi kwenye seva. Kote huko hakuna mkaguzi. Kuna kijana mmoja aliyeandika ping miaka miwili iliyopita.

Na tukishakuwa na namba kwenye kioo, tunaiamini kuliko mtu. Msidhani ni ushamba wetu. Uingereza, kati ya 1999 na 2015, wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha. Zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia. Wengine walifungwa, wengine walifilisika wakilipa fedha ambazo hazikuwahi kupotea. Kosa lilikuwa la mfumo. Ilibidi Bunge lao lipitishe sheria mwaka 2024 kufuta hukumu zile kwa jumla. Nchi yenye mawakili na magazeti mengi namna ile ilichukua zaidi ya miaka ishirini kukubali kwamba kompyuta ilisema uongo.

Mama yetu wa mapokezi alikuwa na daftari. Asingekuwa nalo?

Nami nasema hivi kwa watu wa Kericho na Bomet hasa, kwa sababu huko imani kwa mashine haipo ya kuchezea. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, watu wakiona zinachukua kazi zao. Wakulima wadogo walio chini ya KTDA, zaidi ya 600,000 nchi nzima, hugombana kila mwaka kuhusu bonasi, na wa upande wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa huuliza kwa nini yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Katika hali hiyo unaleta kidude kinachofuta mifuko kimyakimya? Siku wakijua, hawatachambua habari za dupleksi. Watasema tumeibiwa kwa kompyuta, na kwa kweli utakuwa na jibu gani?

Najua utasema nini

Utasema bei ilikuwa ndogo na siku zilikuwa chache. Nakubali, mimi pia nafanya kazi hizi na najua viwanda vinavyobana bei. Nami nikiri: miaka ya nyuma niliwahi kuacha anwani ya mfano kwenye bodi zangu mwenyewe, mpaka mteja alipofunga ya pili. Lakini kazi yote niliyoieleza hapo juu, kutengeneza anwani, kuweka biti mbili za dupleksi, kuacha kufuta foleni, ni ya siku moja kwa mtu aliyesoma kitabu cha chipu. Kama bei yako haina nafasi ya siku moja ya kusoma, basi bei yako ni ya uongo na usiitoe.

Utasema Ithaneti imepitwa na wakati, tuhamie kwenye redio au laini za simu. Umewahi kuingia kwenye kiwanda cha chai? Kuta za mabati, mvuke, mota kubwa zinazowaka na kuzima, na nje radi na mvua ya mawe ya Kericho inayojulikana dunia nzima. Kebo iliyofungwa vizuri, isiyozidi mita 100, yenye kinga ya radi, bado ni rafiki mzuri. Na hata ukihamia kwenye modemu ya simu, nayo ina draiva, nayo ina mpangilio, nayo utaijaribu kwa ping na kuondoka. Utakuwa umehamisha mazoea yaleyale.

Utasema, au wengine watasema, turudi kwenye karatasi. Hapana. Karatasi zilikuwa na wizi wake na mkulima hakuwa na nakala. Mashine iliyopangwa vizuri inamlinda mkulima na inamlinda karani. Mimi sipigani na mashine. Napigana na kazi nusu inayolipwa kama kazi kamili.

Utasema kiwanda chenyewe kingekagua. Kingekagua nini? Nilipopiga simu kwa kampuni kuomba faili za mpangilio wa draiva, niliambiwa ni siri ya biashara. Siri! FreeRTOS iliandikwa na Richard Barry tangu 2003 na inagawiwa bure. Mfano wa draiva waliupata bure. Anwani ya MAC waliikuta kwenye somo la wanafunzi. Siri iliyobaki ni kosa lao tu. Na hapa kuna jambo la kisheria ambalo viwanda havilijui. Bodi ikiendeshwa na Linux, leseni ya GPL inampa mteja haki ya kudai programu asilia ya kiini hicho, pamoja na draiva zilizounganishwa nacho. FreeRTOS ina leseni ya MIT, ambayo haimlazimishi muuzaji kukupa chochote. Kwa hiyo haki hiyo lazima uiandike kwenye mkataba kabla ya kusaini. Ukishalipa, umechelewa.

Unajua nilitibu vipi? Kwa kuwa sikuweza kugusa programu ya bodi, nilileta swichi inayopangika, nikalilazimisha tundu la mizani liwe megabiti 10, dupleksi kamili, lifanane na kosa la bodi. Jioni ile malori yaliingia, mama akaandika daftari lake, seva ikaandika lake, na mara ya kwanza yakafanana mstari kwa mstari. Mizani ya kuni ilikaa bila kebo karibu wiki mbili mpaka kampuni ilipotuma programu mpya. Kiwanda kizima kilinunua swichi kwa sababu ya biti moja ambayo mtu hakutaka kuibadilisha.

Usilipe kabla ya haya

Wasimamizi wa viwanda, na wakurugenzi mnaochaguliwa na wakulima, chukueni haya mkayabandike ukutani. Hayahitaji shahada.

Kwanza, dai orodha ya anwani za MAC za bodi zote, kwa maandishi. Kama mbili zinafanana, au kama unaona DE:AD:BE:EF, rudisha mzigo.

Pili, dai karatasi inayosema kila bodi inatumia kasi gani na dupleksi gani, na swichi imepangwa vipi upande wa pili. Pande mbili zisemane neno moja.

Tatu, mjaribu jioni, siyo asubuhi. Mota zote zikiwaka, malori yakiingia. Endesheni programu kama iperf kwa saa nzima, mzigo ukienda na kurudi kwa pamoja. Bodi isiyoweza kuendesha iperf, itume rekodi 1,000 za majaribio huku seva ikiitumia mzigo wake. Hesabuni zilizofika. Zikifika 999, hajamaliza.

Nne, chomoa kebo wakati mizani inapima. Ngoja dakika tano, irudishe. Kisha zima swichi, uiwashe baada ya bodi kuwaka, kama inavyotokea kila umeme unapopotea na jenereta kuchukua zamu. Draiva nyingi zilizonakiliwa huangalia kebo mara moja tu wakati wa kuwaka, zisipoikuta zinakata tamaa milele. Draiva nzuri inaendelea kuangalia, na mifuko iliyopimwa katikati inatumwa baadaye.

Tano, kila mfuko upewe namba ya mfululizo ndani ya bodi, na rekodi isifutwe mpaka seva ikiri kwamba imeipokea. Namba 412 ikifuatwa na 414, kila mtu aone kwamba 413 imepotea, na swali liulizwe kwa mashine kabla ya kuulizwa kwa karani.

Sita, programu asilia na faili za mpangilio zikabidhiwe kiwandani pamoja na funguo za mlango. Mashine ni yenu, imenunuliwa kwa fedha za majani.

Na kwenu vijana wenzangu mnaofunga vitu hivi kutoka Kericho hadi Nairobi: someni kitabu cha chipu. Katika kile cha ENC28J60, sura ya dupleksi ni fupi kuliko makala hii. Someni na orodha ya kasoro ambayo mtengenezaji huitoa pembeni. Humo mtakuta kwamba katika nusu dupleksi mgongano uliochelewa unaweza kuifanya sehemu ya kutuma ikwame, na kwamba dawa yake ni kuiwasha upya kwa biti ya TXRST. Yote yameandikwa. Hakuna aliyeficha.

Yule mama amerudishiwa heshima yake. Barua imefutwa kwenye faili. Hakuombwa radhi, lakini hilo ni jambo la blogu nyingine. Nilipomuaga nikamwambia sasa anaweza kupumzika na daftari, mashine imetengemaa.

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto wake. "Nitaendelea kuandika," akasema. "Wewe nenda salama."

Nami nawaambia viwanda: mpaka mtakapoyatimiza hayo sita, mwacheni mama aandike. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaweka hapa mistari ile kumi ya kutengeneza anwani ya MAC kutoka namba ya kichakata, pamoja na ya kuangalia kebo upya. Chukueni bure, mtumie, msije mkasema hamkujua.